Kabla Hujalipia Ada ya Kusomea Uigizaji

Mzazi akiambiwa na mwanawe kwamba anataka kusomea uigizaji, swali la kwanza huwa kama kazi ipo. La pili ni ada. Yote mawili ni halali na nitayafikia. Lakini lipo la tatu, ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa kwenye ofisi ya udahili, na kwangu ndilo linalotofautisha chuo na chuo: kabla hajapewa cheti, mwanafunzi huyu atakuwa amesimama mara ngapi mbele ya hadhira?

Nalitanguliza kwa sababu ya namna kazi hii inavyofundishwa. Ingia kwenye ukumbi wa mazoezi, ukae nyuma nusu saa. Binti ana sentensi moja tu: anaingia sebuleni na kumuuliza mama yake mgeni huyu ni nani. Mwalimu anamrudisha mlangoni mara ya tano, mara ya sita. Sauti haina tatizo, inafika hadi viti vya mwisho. Tatizo ni macho. Anaingia tayari anamtazama mgeni, ilhali mhusika wake hajui kama nyumbani kuna mgeni. Mara ya saba anaingia huku akihangaika kuvua kiatu kilichojaa tope, anainua uso, anasita, ndipo anauliza. Darasa zima linaona tofauti bila kuelezwa. Jambo hilo halifundishiki kwa watu mia kwa mpigo. Kipindi cha saa mbili chenye wanafunzi 12 kinampa kila mmoja dakika kumi za kuangaliwa na mwalimu. Kikiwa na wanafunzi 60, kila mmoja anabaki na dakika mbili. Ada inaweza kuwa ileile.

Kwa Mtanzania, milango miwili ya umma inayojulikana zaidi ni Bagamoyo na Mlimani, na imetofautiana kwa nia tangu mwanzo.

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo wengi bado wanaiita Chuo cha Sanaa, ilianzishwa mwaka 1981. Ilichipuka kutoka kwenye vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na asili hiyo haijafutika. Anayekwenda pale kusomea maigizo hukutana na ngoma, muziki na ufundi wa jukwaa, kwa hiyo hatoki akijua kusema maneno ya tamthiliya tu. Mlango wake uko chini kidogo: mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne anaweza kuanza na ngazi ya cheti na kupanda hadi stashahada, safari ya miaka mitatu kwa jumla. Halafu kuna tamasha la kila mwaka la sanaa na utamaduni, ambalo huwaleta Bagamoyo wasanii na watazamaji kutoka ndani na nje ya nchi. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kucheza mbele ya umati ambao haukuja kwa sababu ya undugu ni somo ambalo halina mbadala. Marafiki wa darasani watapiga makofi hata kwa huruma. Mgeni aliyekaa kwenye benchi akiwa na usingizi hapigi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho hicho cha Mlimani, kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Hapa ndipo walipofundisha Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthiliya ya Kinjeketile, na Penina Muhando Mlama, na Amandina Lihamba, ambaye mbali na uprofesa amesimama jukwaani na mbele ya kamera kama mwigizaji. Shahada ni miaka mitatu. Mwanafunzi anasoma uigizaji, lakini anasoma pia nadharia, uandishi wa tamthiliya, uongozaji na sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hili la mwisho watu hulipuuza, nami nadhani ni mojawapo ya mafunzo yenye soko kubwa zaidi. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho, uliwafundisha wasichana wa sekondari kutumia maigizo kuyasema yanayowakwamisha shuleni. Tangu hapo njia hiyo imetumiwa na mashirika ya afya, ya haki za watoto, ya mazingira. Anayejua kuingia kijijini, kuwasikiliza wenyeji, kutengeneza igizo nao na kuongoza mjadala baada ya onyesho ana kazi ambayo haitegemei kama filamu zinauzika mwaka huo.

Kama mtoto anaishi kwa kucheza, hawezi kutulia na maktaba inamchosha, nitamwelekeza Bagamoyo bila kusitasita. Kama anapenda kuandika, anasoma tamthiliya kwa hiari yake na anafikiria siku moja kufundisha, kuongoza au kuendesha miradi, Mlimani patamfaa zaidi. Wapo wanaofaa kote kuwili, na njia hiyo ipo: mwenye stashahada ya wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anatimiza sifa za jumla za kuomba shahada. Bagamoyo miaka mitatu, kisha Mlimani mitatu, jumla sita. Aliyepitia kidato cha tano na sita anatumia miaka mitano kufika kwenye shahada hiyohiyo, na tangu 2022 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali imefutwa. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Mimi ningeulipia mwaka huo kwa furaha, maana anayepitia Bagamoyo anaingia chuo kikuu akiwa tayari ana jukwaa miguuni.

Sasa pesa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopiga hesabu nusu.

Ada ya shahada za sanaa Mlimani kwa Mtanzania imekuwa ikizunguka shilingi milioni moja kwa mwaka. Juu yake kuna vile vidogovidogo vilivyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga: bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400, shilingi 20,000 za Tume ya Vyuo Vikuu za udhibiti ubora, kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Havitishi. Kinachotisha ni kuishi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imepanga shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, ndilo lile bumu ambalo wanachuo hulihesabu kuliko kitu kingine chochote. Tuchukue mwaka wenye wiki 34 za masomo na mitihani: ni siku 238, yaani shilingi 2,380,000. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ada. Kwa miaka mitatu ada ni milioni 3, na kuishi ni 7,140,000. Jumla 10,140,000, kabla hujagusa nauli, nguo nyeusi za mazoezi, michango ya maleba na siku ambazo mazoezi yanaisha saa nne usiku na daladala zimepungua.

Kwa hiyo swali la wapi utalala lina uzito kuliko swali la ada. Nafasi ya hosteli chuoni inaweza kuokoa fedha nyingi kuliko tofauti ya ada kati ya chuo na chuo. Anayekosa hosteli akapanga chumba hukutana na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati bumu linakuja kwa awamu na mara nyingine linachelewa. Familia ijiandae na fedha hiyo mapema. Bagamoyo ni mji mdogo, vyumba na chakula vina nafuu kuliko Dar es Salaam, na mwanafunzi wa maigizo hutembea kwa miguu kurudi nyumbani baada ya mazoezi. Ukiweka kwenye mizani gharama za kuishi peke yake, Bagamoyo inashinda.

Lakini kuna kigingi. Anayesoma shahada anaweza kukopeshwa na Bodi. Mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka wa masomo 2023/24 ilielekezwa kwenye fani za kipaumbele, kama vile afya, ualimu wa sayansi, madini na kilimo, na sanaa haikuwemo. Matokeo yake ni kwamba chuo chenye unafuu kinaweza kuilemea zaidi familia maskini, kwa sababu kila shilingi inatoka mfukoni mwao, tena mapema. Hili linaniuma. Vijana wengi wenye vipaji vya kweli wanatoka kwenye nyumba ambazo laki tatu za kuanzia ni kuuza mbuzi au kusubiri mavuno. Kwa walio katika hali hiyo, waulize chuo kuhusu kulipa kwa awamu kabla ya kuripoti, wapewe jibu kwa maandishi. Halmashauri na wabunge wengine wana fungu la kusaidia wanafunzi. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji iandaliwe mapema.

Mkopo nao una upande wa pili. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mhitimu amekopeshwa ile milioni 10 na ushei na amepata kazi ya mshahara wa 600,000. Atakatwa 90,000 kwa mwezi, na deni litachukua zaidi ya miaka tisa kuisha. Afadhali tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilinenepesha deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Mwigizaji wa kujitegemea hana mwajiri wa kumkata; anatakiwa kupeleka rejesho mwenyewe kila mwezi, awe amepata igizo mwezi huo au hakupata. Siandiki haya kumtisha mtu asikope. Ninachosema ni kwamba anayekopa kusomea uigizaji achague masomo yanayompa angalau njia mbili za kula: uigizaji na uongozaji, uigizaji na ufundi wa taa na sauti, uigizaji na uandishi. Pia aangalie ajira za halmashauri: nafasi za afisa utamaduni hutaka cheti cha fani kama hizi, na hapo karatasi ina nguvu ambayo kipaji peke yake hakina.

Wapo watakaouliza kwa nini kulipa kabisa, wakati mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, aliyefariki 2012, alitokea kwenye kundi la Kaole na akawa jina kubwa kuliko wote. Ni hoja nzito. Kundi linalofanya kazi kila wiki linampa kijana kile ninachokisema, jukwaa na hadhira, tena bila ada. Ila makundi ya namna hiyo ni machache, na mengine humtumia kijana miaka miwili kubeba viti na kuagizwa chai. Alama ya kundi zuri ni kwamba ukifika unapewa maandishi ya kushika mikononi, hata kama ni ya mhusika mwenye maneno manne, na kuna mtu anayekusahihisha. Mwaka mmoja katika kundi la hivyo kabla ya chuo ni uwekezaji mzuri sana.

Nairobi ina hesabu yake. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, kinafundisha sanaa za maonyesho na filamu katika ngazi ya shahada. Shahada Kenya ni miaka minne, kwa hiyo weka kodi na chakula cha mwaka wa nne hata kama ada inaonekana ndogo. Mkenya anaweza kukopa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, riba yake ikiwa asilimia 4 kwa mwaka, na mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unazipanga familia kwa uwezo wa kipato. Fomu ile ijazwe kwa makini, kwa sababu kundi utakalowekwa ndilo linaloamua utalipa kiasi gani. Mtanzania au Mganda atakayekwenda hana msaada huo. Anachopata ni mji. Nairobi kuna Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa 1952, kuna makampuni yanayouza tiketi za vichekesho karibu kila mwezi, na kuna soko ambalo sisi huku Tanzania hatujalijenga ipasavyo: maonyesho ya vitabu teule mashuleni. Tamthiliya ikitahiniwa kidato cha nne, kama ilivyokuwa Kigogo ya Pauline Kea na baadaye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, makundi ya waigizaji hukodi basi na kuzunguka shule moja hadi nyingine wakiicheza. Wanafunzi hulipa kiingilio kidogo, lakini wako mamia. Mwigizaji kijana anacheza asubuhi Machakos, mchana Kitui, siku nyingi mfululizo, mbele ya hadhira inayokijua kitabu na isiyosamehe mstari uliorukwa. Hakuna darasa linaloweza kumpa zoezi la namna hiyo, na jioni analipwa.

Makerere imefundisha muziki, ngoma na maigizo tangu 1971, na shahada yake ni ya miaka mitatu. Kwa anayetaka jukwaa la Kiingereza pamoja na mapigo na ngoma za asili, Kampala ni chaguo la kufikiriwa. Anayetaka kuishi kwa kuigiza kwa Kiswahili atapata mazoezi machache huko nje ya darasa, na hilo ni gharama pia.

Halafu kuna ndoto ya ng'ambo, ambayo kwa vijana wetu ina sura ya Lupita Nyong'o akipokea Oscar mwaka 2014. Tazama njia yake kwa utaratibu. Alikuwa ameshacheza Juliet jijini Nairobi na kundi la Phoenix Players akiwa bado msichana wa shule. Akasoma shahada ya kwanza Hampshire College, akafanya kazi, ndipo akaingia Yale kwa shahada ya uzamili na kuhitimu 2012. Uzamili, na hapo ndipo pa kutazama. Shahada ya kwanza ya uigizaji katika vyuo binafsi vya Marekani ni ghali kupita kiasi. New York University inatoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kwa masomo peke yake. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 150, ada ya mwaka mmoja ya wanafunzi 150 wa Mlimani. Wakati huohuo Yale, tangu mchango wa dola milioni 150 wa David Geffen mwaka 2021, haiwatozi ada wanafunzi wa shule yake ya maigizo, na Juilliard ilifuata kwa kufuta ada ya uzamili wa uigizaji kuanzia 2024. Nafasi ni chache mno na wanaogombea ni maelfu. Lakini kama ni kugombea, gombea ya bure. Shahada ya kwanza isomwe hapa nyumbani, miaka mitatu minne itumike kucheza, kisha uende kwenye usaili ukiwa na jambo la kuonyesha.

Uingereza ada ya mwenyeji ni pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, na mgeni hulipa zaidi ya hapo, mara nyingi maradufu. Ujerumani shule za serikali za uigizaji, kama Ernst Busch ya Berlin, hazitozi ada ya masomo, ila usaili na ufundishaji ni kwa Kijerumani, nacho kinapaswa kuwa ulimini kiasi cha kuchekesha na kuliza. Kwa kijana wetu aliyekulia huko, hiyo ni bahati kubwa. Kwa anayeanzia sifuri, miaka miwili ya lugha iwekwe kwenye bajeti.

Familia zetu zilizoko Marekani zina uamuzi mwingine, kati ya shahada mbili, BFA na BA. BFA huweka karibu theluthi mbili za masomo yote kwenye sanaa yenyewe. BA huacha nafasi kubwa ya kusoma kitu kingine. Mwanao akiwa na ruzuku nzuri ya BA katika chuo cha jimbo na BFA ya mkopo mkubwa mjini New York, chukua BA. Idara ndogo ambamo mwanafunzi wa mwaka wa pili anapata mhusika mkuu inashinda idara maarufu ambamo anasubiri hadi mwaka wa nne apewe kubeba mkuki.

Neno kuhusu akademi binafsi za uigizaji, ambazo matangazo yake yamejaa kwenye simu za vijana. Zipo zinazofundisha vizuri. Lakini ikikuahidi kwamba ukimaliza miezi mitatu utaingizwa kwenye tamthilia ya televisheni, omba ahadi hiyo iwe kwenye mkataba uone uso wa mtu ukibadilika. Usajili wa vyuo vya ngazi ya cheti na stashahada Tanzania unathibitishwa na NACTVET, baraza linalosimamia ngazi hizo, na wa vyuo vikuu na TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu. Kuhakiki ni bure. Anayekutaka ulipie nafasi ya kucheza, siyo mafunzo, anakuuzia hewa.

Ukienda kutembelea chuo, usiridhike na kuonyeshwa jengo. Uliza mwaka uliopita wanafunzi walitoa maonyesho mangapi kwa watu wa nje, na nani aliyacheza. Uliza darasa la uigizaji lina watu wangapi. Uliza kama kuna usaili wa vitendo kabla ya kudahiliwa, kwa sababu chuo kisichomtazama mtu akicheza kabla ya kumpokea kitamweka darasa moja na waliotupwa huko na alama. Nenda uone onyesho la wanafunzi lenyewe. Kiingilio chake ndiyo fedha bora utakayotumia katika zoezi hili lote. Kisha subiri nje uongee na wa mwaka wa tatu, siyo aliyechaguliwa na chuo kukuzungusha. Muulize amecheza mara ngapi tangu aanze. Akikujibu bila kufikiri kwa kuwa ni mara moja au mbili, umepata jibu. Akianza kuhesabu kwa vidole akakosea na kurudia, umepata jibu pia.

Kidato cha sita humaliza mitihani mwezi Mei na vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. Dirisha la maombi la TCU kwa kawaida hufunguliwa Julai, matokeo yakishatoka, na maombi ya mkopo hutaka vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na sahihi ya mdhamini, kazi ambayo huchukua wiki kadhaa kwa wanaoishi mbali na makao makuu ya wilaya. Nyaraka zishughulikiwe Mei hiyohiyo. Miezi inayobaki, kijana atafute kundi la karibu, liwe la kanisa, la madrasa, la kata au la vijana wa mtaani wanaorekodi kwa simu, acheze hadi aitwe chuoni.